Baba yu hai, lakini fedha zake hazitoki

Wiki ya tatu baada ya mumewe kupata kiharusi, mama mmoja wa Kihesa, Iringa, alipanda daladala hadi benki mjini. Mkobani alikuwa na kadi ya benki ya mumewe, kitambulisho chake na cheti cha ndoa. Alitaka fedha za dawa na mazoezi ya viungo. Namba ya siri aliijua mgonjwa peke yake, na ulimi wake ulikuwa mzito.

"Pole sana mama," alijibiwa dirishani, "lakini akaunti ni ya mzee."

"Mwanangu, miaka 31 ya ndoa, bado mimi si mtu wake?"

Kijana yule alikuwa sahihi. Ndoa haimpi mke saini ya mumewe, wala mume saini ya mkewe. Hata mtoto akishatimiza miaka 18, mzazi aliyemlipia ada tangu chekechea hana ruhusa ya kugusa akaunti yake, hata kama kijana amelazwa hajitambui.

Kinachotakiwa ni hati ya uwakili. Humo mtu mzima mwenye akili timamu anamteua mwingine amfanyie mambo fulani: kutoa fedha, kupokea kodi ya nyumba, kufuatilia pensheni. Husainiwa mbele ya wakili. Benki nyingi zina masharti au fomu zao, hivyo ni vyema kuuliza huko kabla ya kumlipa wakili.

Familia hii ilikuwa na bahati moja: mzee hakuweza kusema vizuri, lakini alielewa kila kitu. Wakili alikuja nyumbani, akawaomba wote watoke, hata mke. Mdogo wake mzee alinung'unika uani kwamba wanafichwa. Kumbe wakili alitaka kujua kama mgonjwa hakulazimishwa. Alimsomea hati neno kwa neno, akamuuliza maswali ya kujibu kwa kichwa. Mkono wa kulia haukushika kalamu, basi mzee akaweka dole gumba la kushoto. Aliruhusu akaunti moja na pensheni. Nyumba na shamba la miti alikataa visiandikwe.

Wengi hawajui kwamba hati hii ina mwisho. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uwakili hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Uingereza wana hati inayodumu hata akili ikipotea. Ya kwetu haidumu. Mzazi akishasahau majina ya wanawe, kilichobaki ni kwenda mahakamani kuomba mtu wa kusimamia mali yake. Akifariki, hati haigeuki wosia. Mirathi ndiyo inayofuata.

Nyumba nyingi hukwepa yote haya kwa kunong'onezana namba ya siri. Hufanya kazi, mpaka siku ndugu wanapoulizana nani alimruhusu nani.

Mama wa Kihesa sasa huandika kila shilingi anayotoa kwenye daftari la shule, risiti amezibana nyuma. Jumapili jioni humsomea mumewe hesabu, naye akiona kosa hugonga meza kwa mkono wa kushoto.

Mwezi uliopita alirudi kwa wakili yuleyule kuandika hati yake mwenyewe. Amemteua binti wa pili, si wa kwanza. Wa kwanza bado hajaambiwa.