Istanbul Wanakonunua Wenyewe



Wengi mmeniuliza Istanbul nilipiga picha wapi. Aya Sofia nilifika, na Msikiti wa Buluu pia, mashaallah. Asubuhi moja ilinitosha. Mimi nilikwenda na fedha za duka, na nyengine za mchezo tuliocheza mwaka mzima, na pale Sultanahmet kila kitu kimepangwa kwa ajili ya mgeni, hata bei.

Ukipanda tramu, vituo vichache tu unashuka Laleli. Huko wanauza jumla, na mabango mengi ni ya Kirusi kwa sababu ya wanunuzi wao. Wengi hawakuuzii gauni moja, unachukua mtindo mmoja kwa saizi zake zote. Kwa duka dogo kama langu hesabu hiyo ni ngumu. Saizi ndogo zitakaa tu, wateja wangu nawajua!

Fatih ndiko nilikokaa sana. Barabara ya Fevzi Paşa imejaa maduka ya magauni ya harusi. Yapo ya wazi, na yapo ya kujisitiri, shingo juu, mikono mirefu, na mtandio wake. Kwetu biharusi hununua gauni la wazi, kisha fundi anaambiwa atie mikono. Mikono hiyo nimeitia mingi, na mara nyingi huonekana kiraka: lesi haifanani, nyeupe mbili hazilingani. Pale gauni limekatwa tangu mwanzo kwa mwanamke anayejisitiri. Nikafunua pindo nikatazama mishono ya ndani. Hakuna mshono nisioujua.

Basi nikaacha magauni, nikanunua majora ya kitambaa na lesi. Magauni nilichukua mawili tu, ya kuigia mkato.

Jumatano kuna soko kubwa mitaani karibu na Msikiti wa Fatih: zeituni, jibini, mitandio, vyombo, na kina mama wanapatana bei kama Darajani. Msikiti wenyewe aliujenga Sultan Mehmed wa Pili baada ya kuuteka mji mwaka 1453. Ulioko sasa ulijengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 1766. Nilisali Adhuhuri upande wa wanawake, kimya, bila ya kamera hata moja.

Mkipata siku ya ziada nendeni Eyüp, kwenye kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake Madina. Mabiharusi huja kuzuru wakiwa na magauni yao. Niliwaombea kheri, na macho yangu, Allah anisamehe, yakawa kwenye mikato.

Majora yameshafika. Biharusi wangu wa kwanza anaolewa Mfunguo Mosi. Mama yake anataka gauni lililotoka dukani Uturuki, si la cherehani yangu. Jana nimempelekea mkono mmoja nilioushona, aushike mwenyewe autazame ndani na nje. Bado hajanijibu.