Nalipa Mia Mbili Kujifunza Kusimama

Wasee, tuseme ukweli. Kijana wa miaka 23 akikuambia kila Jumamosi saa moja asubuhi anaenda darasa la tai chi hapa Kitale, utacheka. Mimi pia ningecheka. Tuko watu saba, na anayenikaribia kwa umri ana watoto wako chuo. Mwalimu ni mzee mstaafu aliyejifunzia China akiwa masomoni huko. Anatutoza mia mbili kwa kipindi, na baridi ya Kitale asubuhi unaijua. Mwezi wa kwanza nilikuwa navaa majaketi mawili.

Nilianza juu ya mgongo. Mwaka jana niliinama kuinua mtungi wa maji wa lita 20, mgongo ukakataa kurudi. Siku tatu nilitembea kama alama ya kuuliza. Mtaalamu wa viungo akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naediti video. Wapi? Kitandani. Masaa mangapi kwa siku? Hapo nikanyamaza.

Lakini mgongo ulipona, na bado naenda. Naenda juu ya kukhu.

Kwa wasiojua, kukhu ni shosho kwa Kibukusu. Wangu anakaa nje kidogo ya Bungoma mjini, na ndiye aliuza ndama wake ndio nilipiwe karo ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaacha chuo. Hajawahi kunilaumu. Anauliza tu, "Kazi ya simu inaendelea?" Afadhali angenitukana.

Mwezi wa nne alianguka usiku akienda choo cha nje. Alivunjika mkono, nyonga ikapona. Mkono uliunga, lakini yeye akabadilika. Mtu aliyekuwa anatembea hadi sokoni Chwele akisikia bei ya mboga mjini haimpendezi, sasa anashinda kwa kiti. Kumbe hofu ya kuanguka nayo inaangusha: usipotembea miguu inalegea, na miguu ikilegea unaanguka tena.

Sasa hii tai chi ilianza kama sanaa ya kupigana. Chimbuko lake linatajwa kuwa kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, na mwaka 2020 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Tunayofundishwa sisi ni ile fupi iliyopangwa China mwaka 1956, mikao 24, ukiifanya yote ni kama dakika sita. Rahisi, sivyo? Jaribu. Unakunja magoti kidogo, unahamisha uzito wote mguu wa kushoto, polepole, halafu ndio unainua wa kulia. Huruhusiwi kujitupa. Dakika ya tatu mapaja yanatetemeka na hujasogea mita mbili.

Hapo ndipo faida iko. Sisi hutembea kwa kujitupa mbele na kujidaka. Tai chi inakulazimisha kusimama juu ya mguu mmoja ukijua uko juu ya mguu mmoja. Tafiti nyingi kwa wazee zimeonyesha inapunguza kuanguka. Na usidhani ni mambo ya wazee pekee: mifupa yako inafikia ugumu wake wa juu ukikaribia miaka 30, baada ya hapo unatumia akiba. Mimi na wewe bado tunaweka akiba, ama tuseme tungekuwa tunaweka, kama hatungekuwa tumelala na simu.

Nilipoposti video yangu ya kwanza mliandika ati nafyeka nyasi hewani. Sawa. Mmoja akauliza kama ni dini. Hapana, ni mazoezi, na kwaya ya kanisa inakuchosha pumzi kuliko haya.

Daktari wa kukhu alikubali, bora awe na kitu cha kushika. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi napanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi kwake. Tunasimama nyuma ya nyumba, yeye ameshika mgongo wa kiti, mimi nikiwa karibu. Hatufanyi mikao yote. Tunahamisha uzito tu, kushoto, kulia, kisha ule wa kumi, wa mikono kama mawingu. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza tunafukuza nini. Kukhu akamjibu, "Uzee."

Sijawahi kumrekodi. Najua ingetrendi. Wacha ibaki huko nyuma ya nyumba.

Mara ya mwisho aliachilia kiti kwa muda wa kuhesabu hadi nne. Akakaa, akapangusa jasho, akaniangalia.

"Hizi ziko ngapi zote?"

"Ishirini na nne, kukhu."

"Na wewe umefika ya ngapi?"

"Kumi na moja."

Akanyamaza kidogo. "Na hii utamaliza?"

Nikamwambia ya kumi na mbili tunaanza Jumamosi.