Ngoja Ngoja ya Oktoba

Ilani ile ilijitokeza kwenye kiwambo cha kipakatalishi chake alasiri moja ya Septemba 2025, akiwa katikati ya sura ya nne ya tasnifu. Ilimweleza kwa Kiingereza, kwa adabu iliyokaribia ubembelezi, kwamba huduma za Windows 10 zingekoma tarehe 14 Oktoba, na kwamba mashine yake ilistahiki kupokea Windows 11 bila malipo. Palikuwa na kitufe cha kukubali na kitufe cha kuahirisha. Aliahirisha. Iliporejea siku chache baadaye aliahirisha tena, na kufikia mwisho wa mwezi kidole kilikwisha kuizoea njia hiyo hata akili haikushauriwa.

Haikuwa ajizi. Kipakatalishi chenyewe kilikuwa cha mtumba, alichokinunua katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi mwaka wake wa kwanza wa uzamili. Kichakato chake kilikuwa cha Intel cha kizazi cha nane, ambacho kwa jumla ndicho kizazi cha kwanza kukubaliwa na mfumo mpya. Kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 4, kiwango cha chini kabisa kinachohitajika. Kilikuwa kimeupita mtihani kwa alama ya mwisho ya kupita, na kila aliyewahi kukaa darasani anajua jinsi anayepita hivyo anavyohema katika darasa linalofuata.

Wenzake bwenini walimshauri, na ushauri wao ulikuwa kama kamusi ya methali iliyofunguliwa kurasa mbili kwa wakati mmoja. Mmoja alisema haraka haraka haina baraka. Akamtolea mfano wa mwenzao aliyempelekea fundi mashine yake ibadilishwe mfumo, akarudishiwa mashine safi kama sahani iliyooshwa, bila hata faili moja. Mwingine alisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Huyu alikumbusha kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kilichozikwamisha hospitali nyingi za Uingereza ilhali marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa tangu Machi. Waliokuwa wamechelewa kuyapokea ndio walioumia. Mfumo usiopokea tena marekebisho, alisema, ni nyumba ambayo mwenyewe ameacha kubadilisha kufuli huku wezi wakiendelea kuchonga funguo.

Alimwendea msimamizi wake. Mwalimu huyo alikuwa na sifa ya kutoharakia jambo. Windows Vista ilipotoka Januari 2007 aliitazama tu, akabaki na XP hadi Windows 7 ilipofika mwaka 2009, na hakuwahi kujuta. Hivyo mwanafunzi alitarajia kuambiwa asubiri. Badala yake mwalimu alifungua mtoto wa meza, akatoa disketi tatu zilizofungwa kwa mpira. Zilikuwa na data ya utafiti wake wa zamani.

"Hizi nazo nilizingoja," alisema. "Siku nilipozitaka, hapakuwa na mashine idarani yenye mahali pa kuzitia."

"Sasa, Mwalimu, nibadilishe au nisibadilishe?"

"Kwanza niambie una nini humo."

Swali hilo ndilo alilokuwa akilikwepa. Humo mlikuwa na rekodi 31 za nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake wa pwani huimba harusini huku wakigonga pembe. Nyingi aliziimbiwa na bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyekubali kuziimba mbele ya mwanamke mwenzake, na kila wimbo akaueleza kwa Kimvita chake kisichotiwa maji. Bibi huyo alikuwa amefariki mwezi wa Juni. Rekodi 14 zilikuwa hazijanukuliwa. Tangu tanzia imfikie, mwanafunzi hakuwa ameifungua hata moja kati ya hizo. Alikuwa akipanga tanbihi, akirekebisha pambizo, almuradi apate kazi nyingine ya kufanya. Zote zilikuwa mahali pamoja tu, katika mashine ile ile ya gigabaiti 4.

Katika Kiswahili cha tarakilishi tendo aliloliogopa huitwa kusasisha, yaani kulifanya jambo liwe la sasa. Ni neno zuri, lililoundwa kwa mzizi wetu wenyewe. Hata hivyo, wapenzi wa istilahi wakiri kwamba halimwambii mtu afanye nini na kile alichonacho ambacho si cha sasa.

Jumamosi hiyo alinunua diski ya nje na flashi mbili. Kunakili kulichukua chini ya saa moja. Kuhakiki ndiko kulikochukua siku mbili, kwa sababu faili iliyonakiliwa haiaminiki mpaka ifunguliwe, na kuifungua ni kuisikia. Alianza na zile alizozijua. Jioni ya Jumapili alifika rekodi ya 17. Wimbo ulikwisha, pembe zikanyamaza, kisha sauti ya bibi ikauliza, karibu sana na kinasasauti: "Na hini sauti yangu, mwanangu, itakaa humo hata lini?" Ikafuata sauti yake mwenyewe, changa na yenye haraka, ikicheka: "Daima, bibi."

Aliisimamisha rekodi akaenda kusimama dirishani.

Flashi moja aliipeleka Mombasa kwa basi la usiku, kwa mjukuu wa bibi. Nyingine alimkabidhi msimamizi, aliyeitia katika mtoto wa meza kando ya disketi, kisha akaitoa tena na kuitia mfukoni.

Baada ya hapo uamuzi wa mfumo ulimalizika kwa muda wa chai. Programu ya ELAN aliyoitumia kunukuu ilifanya kazi katika mifumo yote miwili, na aliyebadilisha alikuwa na siku 10 za kurudi nyuma akijuta; hofu zake nyingi zilikuwa hazina mashiko. Lakini mashine ilibaki dhaifu, na tasnifu ilidaiwa Novemba. Windows 10 ilikuwa imewekewa nyongeza ya mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa aliyekubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe katika akaunti yake ya Microsoft. Alijiandikisha kwa njia hiyo ya pili. Windows 11 angeihamia akiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8 na shahada mkononi.

Tarehe 14 Oktoba iliangukia Jumanne. Mashine iliwaka kama kawaida, kwa uvivu wake ule ule. Alivaa vipokea sauti, akaifungua rekodi ya 17, akaanza kunukuu.