Baiskeli ikianza kuchosha, badili njia

Baiskeli huachwa mapema kuliko mtu anavyodhani. Wiki mbili za mwanzo mzazi yumo barabarani kila alfajiri, ya tatu tairi halina upepo, ya nne inaanikiwa nguo. Mara nyingi kilichochoka si miguu, ni macho, kwa kuona kona zilezile.

Songea haina sababu ya kumchosha mtu hivyo. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi inauma vidole. Mashariki ipo milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. Huko ni kupanda, na hakuna aibu kushuka ukakokota. Kukokota nako ni mazoezi. Breki zikaguliwe kabla ya kurudi.

Siku ya uvivu, nenda Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Hapo hukumbukwa kila mwaka mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mtoto anayekufuata na baiskeli yake atauliza maswali njia nzima, na wewe utasahau kuhesabu kilomita. Pengine hiyo ndiyo dawa kuliko zote: kuwa na mahali pa kwenda, badala ya kuzunguka tu.

Peramiho iwe ya Jumamosi moja kwa mwezi. Ni kilomita zipatazo 24 kwenda, na nyingine hizo kurudi, lakini kuna abasia ya Wabenediktini ya kutazama na pa kupumzikia. Barabara ina malori, kwa hiyo vaa nguo inayoonekana, na watoto wadogo wabaki nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Safari ya sokoni kwa baiskeli nayo inahesabika. Kwa mwenye presha au kisukari, kuacha mwezi mzima si jambo dogo, maana faida iliyopatikana hupungua. Naye aonane kwanza na daktari kabla ya kuijaribu Matogoro.

Mvua zikianza, kuanzia Desemba hadi Aprili, njia za vumbi hugeuka tope jekundu linaloganda kwenye madigadi. Miezi hiyo baki kwenye lami, na mnyororo upate mafuta kila Jumapili.