Baba Aliyekuwa na pa Kuchimba

Kabla sijawa mtunzi wa mashairi, na kabla sijafasiri hata ukurasa mmoja kwa kalamu, nilikuwa mdomo wa watu wengine. Mwaka 1997, huko Buhembe mjini Bukoba, palikuwa na banda la video lenye mabenchi ya mbao, televisheni moja, na deki iliyopenda kutafuna kanda. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza watazamaji, kwa Kiswahili, yale waliyokuwa wakiyasema Wazungu. Kazi hiyo ndiyo iliyompa umaarufu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, jijini Dar es Salaam. Na ng'ambo ya mpaka, Uganda, wenye kuifanya huitwa VJ. Mimi sikuwa na jina. Kiingereza changu nilikiokota katika kamusi na katika riwaya kuukuu zilizouzwa sokoni pamoja na mitumba.

Miongoni mwa riwaya hizo ilikuwamo Pet Sematary ya Stephen King, iliyotoka mwaka 1983. King mwenyewe aliona giza lake limepita kiasi, akaiweka kando kwa muda kabla ya kuitoa ichapwe. Mwaka 1989 ikawa filamu, Mary Lambert akiiongoza na King akiuandika mswada wake. Daktari Louis Creed ahamia Maine, Marekani, pamoja na mkewe na watoto wao wawili, katika nyumba iliyo kando ya barabara ya malori. Nyuma ya nyumba, msituni, watoto wa pale huwazika wanyama wao waliokufa. Na mbele zaidi ipo ardhi ya kale ambayo kizikwacho humo hurudi, ila hakirudi kama kilivyokuwa. Anatangulia paka. Kisha lori lamuua mtoto wa kiume, Gage, na hapo msomaji ajua baba atakwenda wapi na sepetu yake, hata kabla baba mwenyewe hajakiri moyoni.

Kanda ya filamu hiyo ilipotufikia, tulianza kwa kicheko. Watoto walioandika kibao cha makaburi yale walikosea tahajia, na hilo ndilo jina la kitabu. Nikakisoma kibao kile "Makabuli", na banda zima likaangua kicheko, kwani kuchanganya ra na la ni jambo tulilozoea kutaniwa. Waama, filamu ile ilipata taabu kututisha. Kwetu maiti huzikwa kibanjani, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni, na mjukuu huchezea juu ya kaburi la babu yake. Na miaka ile vibanja vilikuwa vimejaa makaburi mabichi, maana Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Ilipofika maziko ya Gage, mama mmoja aliuliza kwa sauti: "Waitu, mbona mtoto wanamzika mbali na kwao hivyo?" Hilo ndilo lililomtisha.

Benchi la mbele aliketi mzee aliyehamia kwetu kutoka Muleba. Mwanawe alipanda MV Bukoba katika bandari ya Kemondo, jioni ya Mei 20, 1996. Asubuhi ya pili yake, Mwanza ikiwa si mbali tena, meli ile ilipinduka, kisha ikazama pamoja na mamia ya watu. Maiti wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, Mwanza. Wengine ziwa halikuwarudisha. Mzee alikwenda huko, akapita siku nne baina ya maiti akifunua na kufunika, akarejea mikono mitupu. Kibanjani mwake wakazika kipande cha mgomba.

Hayo niliyajua. Kwa hiyo, jirani wa daktari alipoanza kumwonya kwamba upo urejeo ulio mbaya kuliko mauti, ulimi wangu ulikataa. Nikasema: "Mzee anamwambia, mwanangu, nenda kapumzike, Mungu yupo." Na tangu hapo nikawa natunga filamu yangu. Baba alipolifukua kaburi nikanyamaza kabisa, nikijidai nahangaika na waya za spika.

Watu walipokwisha kutoka, nilimkuta mzee ananingoja nje.

"Mwanangu, yule jirani alisema nini hasa? Uso wake haukuwa uso wa mtu anayemtaja Mungu."

"Unisamehe, tata," nikamjibu, nikamwambia kweli yote.

Akatafakari kitambo. Kisha akasema: "Nilidhani unanificha kitu kikubwa. Mimi sikumwogopa yule mtoto aliyerudi na kisu. Nilimwonea wivu baba yake. Yeye alikuwa na pa kuchimba."

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa na kitabu tu, na ndani yake zilikuwamo kurasa ambazo filamu haikuzichukua. Baada ya maziko, Louis aota kwamba aliwahi kulidaka koti la mwanawe, na lori likapita. Gage akakua, akasoma, akawa mwogeleaji, hata akaiwakilisha Marekani katika Michezo ya Olimpiki. Kisha ndoto yavunjika kwa damu. Mwogeleaji! Nilizisoma kurasa zile nikaona haya, kana kwamba ziliandikwa kumdhihaki mzee wangu. Hata hivyo, wiki ile nilikwenda kwake, nikaketi juu ya kigoda, nikamfasiria neno kwa neno. Nilipomfikisha kwenye ushindi wa kijana nikakifunga kitabu.

"Bado hujamaliza," akasema. "Soma mpaka mwisho."

Nikasoma mpaka damu. Akaniomba nirudie tangu mwanzo, nikarudia. Kisha akasema: "Aliyeandika haya ameogopa kweli."

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba King aliwahi kuishi kando ya barabara kama ile, na kwamba mwanawe mdogo aliponea chupuchupu kukanyagwa na lori. Mzee hakuhitaji kuambiwa. Aliusikia woga ule katika Kiswahili changu kibovu.

Ninyi wasomaji wa visiwani mliosubiri ufukweni Nungwi, Septemba 2011, baada ya MV Spice Islander kuzama ikielekea Pemba, mnamjua mzee huyu pasi na mimi kumtaja jina. Sasa naye amelala kibanjani mwake, ubavuni mwa kaburi lenye mgomba. Tangu siku ile nimefasiri mengi, na nimekosea mengi kwa kutojua. Lakini kila nishawishikapo kulipunguza neno kali kwa kumhurumia msikilizaji, humsikia akiniambia nisome mpaka mwisho.