Freshi, kwa maana ipi?

Kiingereza kina kivumishi kimoja, fresh, ambacho Kiswahili hukigawa vipande. Samaki aliyevuliwa leo ni mbichi. Hewa ya asubuhi ni safi. Habari iliyoingia sasa hivi ni mpya, na sisi wa chumba cha habari tunaiita ya moto. Maji yasiyo na chumvi ni baridi, hata yakichemka: sato wa Ziwa Victoria ni samaki wa maji baridi. Kwenye maji ndiko neno lilikoanzia, maana katika Kiingereza cha kale fersc ilikuwa sifa ya maji yasiyo na chumvi.

Dar tumelichukua, tukalipa kazi yetu. "Mambo?" "Freshi." Mwingereza hajibu hivyo. Sisi tayari tulikuwa na safi, tulilopewa na Kiarabu. Tulikuwa na poa, la kitu kilichopungua joto. Na shwari, la bahari isiyo na mawimbi. Yote ni maneno ya utulivu, na yote yanafunga mlango kwa adabu. Ukishajibiwa hivyo, huulizi zaidi.

Mdogo wangu anaishi Kinyerezi. Kila nikimuuliza "Vipi, dogo?" ananijibu, "Freshi tu, kaka." Hiyo "tu" ndiyo inayonisumbua.

Alipomaliza chuo, matangazo ya kazi ya Kiingereza yalimwita kwa neno hilohilo: "fresh graduate", mhitimu mpya. Kwenye usaili likageuka kuwa mbichi: hana uzoefu, wakamrudisha. Huu ni mwaka wa tatu. Sasa matangazo hayohayo yanataka waliomaliza juzi. Muuza samaki anayetoka Feri hadi huku kwetu, mbali na bahari, anaijua hesabu hii: ubichi una saa zake, na barafu haisubiri mteja. Tangazo halimwiti tena freshi. Aliyebaki kujiita hivyo ni yeye mwenyewe.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, na najua swali linaloalika jibu la mkato. Kwa hiyo siku hizi simuulizi vipi. Namuuliza, "Leo umekula nini?" Hapo freshi haisaidii kitu.

Juzi alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Chai, kaka."