Mzigo usiotakiwa ndani ya kirusi

Kipindupindu si habari ngeni Goma. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika, watu karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kuharisha. Mawe ya volkano yalikuwa magumu hata kuchimba makaburi kukashindikana.

Miaka miwili baadaye, huko Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha jambo la ajabu: jeni za sumu ya kipindupindu huletwa na kirusi kinachoingia ndani ya bakteria, yaani bakteriofaji. Bakteria isiyo na sumu ikimpokea mgeni huyo, inageuka muuaji.

Wanasayansi nao walikuwa wameshaiazima tabia hiyo ya kubeba. Walitumia faji inayoitwa lambda kubebea vipande vya DNA walivyotaka kuvichunguza. Watu wa Goma wataelewa upesi: lambda ni chukudu. Unashusha mzigo wake wa katikati, usio wa lazima, unapakia wako, unaituma ndani ya bakteria ikazaliane. Ila chukudu hii haitembei tupu. DNA ikiwa fupi mno, ganda la kirusi haliifungi.

Hapo ndipo tabu. Mzigo wa zamani usipoondolewa wote, unarudi mahali pake, na mtafiti anabaki na faji nyingi zisizo na alichotafuta. Hiyo ni afadhali, maana anapoteza muda tu. Kibaya ni vipande viwili vya mbali kuungana njiani, kama viazi vya Masisi na makabichi ya Kibumba juu ya chukudu moja. Anayepokea mjini anaapa vyote vimetoka shamba moja, na ramani ya jeni anayochora ni ya uongo.

Dawa zipo. Mzigo wa zamani hukatwa mara ya pili usiweze kujiunga tena. Vipande vipya huondolewa fosfati za nchani visishikane vyenyewe kwa vyenyewe. Kisha faji huoteshwa kwenye bakteria yenye faji nyingine, P2. Humo lambda iliyobaki na mzigo wake wa zamani haikui.

Kwa familia iliyohama, inayochota maji Ziwa Kivu, haya yanaonekana ya mbali. Lakini ni kwa kuzijua jeni za sumu kwamba maabara inaweza kutenganisha vibrio yenye sumu na isiyo nayo, hata zikitoka maji yale yale. Klorini inayotiwa ndani ya bidoni huziua zote mbili.